Neno Moja Lililookoa Kisiwa

Hotuba ya Siku ya Dunia ya Anuwai za Kitamaduni, Mei 21

Waheshimiwa viongozi, wazee wetu, walimu wenzangu, vijana, mabibi na mabwana, hamjambo.

Naomba nianze na asubuhi ya Desemba 26, 2004. Wengi wenu mnaikumbuka. Tetemeko kubwa lilipiga chini ya Bahari ya Hindi, magharibi ya kisiwa cha Sumatra nchini Indonesia, na mawimbi ya tsunami yakaua watu zaidi ya 220,000 katika nchi zaidi ya kumi. Katika jimbo la Aceh miji mizima ilifagiliwa. Sasa, karibu kabisa na kitovu cha tetemeko lile kuna kisiwa kiitwacho Simeulue. Wakati ule kilikuwa na wakazi kama 78,000, wengi wao wakiishi ufukweni. Bahari iliwafikia wao kabla ya karibu kila mtu mwingine. Upande wa kaskazini wa kisiwa haikupita hata robo saa. Hapakuwa na king'ora. Hapakuwa na ujumbe wa simu. Mfumo wa kutoa tahadhari ya tsunami katika Bahari ya Hindi ulikuwa haujajengwa.

Walikufa watu saba.

Nimekitaja kisiwa hiki mbele ya watu mara nyingi, na kila mara kuna anayeniuliza kama nimekosea tarakimu. Sijakosea. Saba.

Kilichowaokoa ni neno: smong. Mwaka 1907 kisiwa hichohicho kilipigwa na tsunami iliyoangamiza watu wengi. Walionusurika hawakuwa na mitambo wala maabara, ila walikuwa na lugha yao, na kwa lugha hiyo walilipa jina lile waliloliona, kwa mpangilio wake. Ardhi hutikisika kwa nguvu. Kisha bahari hurudi nyuma na kuacha samaki wakipapatika kwenye matope. Kisha bahari hurejea. Ndani ya simulizi wakaweka amri: ukiyaona mawili ya kwanza, usingoje la tatu, kimbilia mlimani. Bibi akamsimulia mjukuu. Akina mama wakaliimba wakibembeleza watoto wachanga. Karibu miaka 100 ikapita, walioiona tsunami ya kwanza wakazikwa mmoja mmoja, na neno likabaki midomoni mwa watu ambao hawajawahi kuliona jambo lenyewe. Asubuhi ile ya Desemba ardhi ilipotulia, maji yakaanza kukauka ufukweni, mtu akapaza sauti, "Smong!", mwingine akalipokea, na vijiji vikapanda milimani, watoto migongoni, wazee wakishikwa mikono.

Sisi husema penye wazee haliharibiki neno. Kule Simeulue wazee wenyewe walikuwa kaburini siku nyingi, na neno bado halikuharibika.

Ndugu zangu, nimeanza na kisiwa hicho kwa sababu nimechoka kuona utamaduni ukialikwa kwenye mikutano yetu kama kikundi cha burudani. Ngoma inapigwa, mavazi ya rangi yanapita, wageni wanapiga makofi na picha, kisha wachezaji wanaombwa watoke nje ili watu wazungumze mambo ya maana: maji, kilimo, afya, elimu, majanga. Kumbe wanaotolewa nje ndio waliobeba nusu ya majibu. Kila jamii ya binadamu imetumia mamia ya miaka kujifunza namna ya kuishi mahali ilipo, na iliyojifunza imeyaweka katika lugha, katika ibada, katika methali, katika utaratibu wa kugawana. Tunapopoteza utamaduni mmoja tunapoteza jibu ambalo hatujajua hata swali lake.

Hebu tutazame jinsi dunia inavyoupanga utamaduni katika mahesabu yake. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu. Yapo ya njaa, maji, nishati, viwanda, miji, bahari. Lengo la utamaduni halipo. Umetajwa ndani ya shabaha chache, kwa mfano ile ya kulinda urithi wa dunia katika lengo la miji, na basi. Ilipofika 2022, mawaziri wa utamaduni walikutana Mexico City na kutangaza kwamba utamaduni ni mali ya manufaa ya wote duniani, wakataka upewe lengo lake baada ya 2030. Naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini nasema wazi kwamba lengo kwenye karatasi halitatosha kama wahandisi, wachumi na maofisa wa kilimo wataendelea kuamini kwamba utamaduni ni kazi ya wizara nyingine.

Nina mfano mmoja wa kosa hilo, na naomba mnivumilie niueleze taratibu, maana uzito wake uko kwenye undani.

Katika kisiwa cha Bali, hukohuko Indonesia, wakulima wa mpunga wana vyama vya maji viitwavyo subak, ambavyo historia yake inarudi hadi karne ya 9. Maji yanateremka kutoka maziwa ya milimani kwa mifereji, yanapita kwenye mahekalu, na kila hekalu lina mkutano wa wakulima wanaoyategemea maji hayo. Hapo ndipo huamuliwa nani apande lini na nani aache shamba lipumzike lini. Katika miaka ya 1970 serikali ililenga kuongeza mavuno ya mpunga, na nia ilikuwa njema. Zikaja mbegu mpya zinazokomaa haraka, mbolea, dawa za wadudu, na agizo: pandeni mara nyingi kadiri mwezavyo, msingoje ratiba ya mahekalu. Wataalamu walitazama mahekalu wakaona maua, sadaka na sala. Maji waliyaona kwenye mifereji tu.

Haikuchukua muda. Wadudu na magonjwa ya mpunga yakalipuka, mashamba yakaungua kama yaliyopitiwa na moto, na majirani waliokuwa wakigawana maji kwa amani wakaanza kuyagombania. Baadaye mwanaanthropolojia J. Stephen Lansing na mwanaikolojia James Kremer waliuingiza mfumo mzima kwenye kompyuta: mito, mashamba, wadudu, mvua. Wakajaribu ratiba za kila namna. Ratiba iliyokaribiana na ile ya mahekalu ndiyo iliyotoa mavuno bora.

Sababu yake ni hii. Mdudu wa mpunga lazima ale. Mashamba ya bonde zima yakilala kwa pamoja, hana pa kuhamia, atakufa. Lakini mashamba yote yakilala kwa pamoja, siku ya kupanda yote yatadai maji kwa pamoja, na maji hayatatosha. Kwa hiyo kuna kipimo cha katikati: idadi fulani ya vyama vilale pamoja, wengine wapishane nao. Kukipata kipimo hicho katika kila bonde, mwaka hadi mwaka, ni hesabu ngumu, na wakulima walikuwa wakiifanya ndani ya ibada, wakiwa wamekaa chini pamoja. Hekalu lilikuwa mahali pa sala, na papo hapo lilikuwa kalenda, baraza la usuluhishi na bodi ya maji. Mwaka 2012 UNESCO iliiweka mandhari ya subak kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Nafurahi, ingawa ningefurahi zaidi kama wakulima wale wangeulizwa swali moja tu kabla ya agizo kutolewa: nyinyi hapa mnafanyaje, na kwa nini?

Wapo watakaonisikia wakadhani ninaipinga sayansi. Hapana, na hapa naomba tuelewane vizuri.

Katika karne ya 4 mganga wa Kichina aitwaye Ge Hong aliandika maelekezo mafupi ya kutibu homa za vipindi: chukua konzi ya mmea wa qinghao, uloweke katika maji, uukamue, unywe yote. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mwaka 1969 mtafiti Tu Youyou alikabidhiwa kundi la kuongoza. Walipekua maelekezo ya tiba za jadi zaidi ya 2,000. Qinghao ilionyesha matumaini, kisha ikawaangusha. Jaribio lililofuata halikurudia matokeo ya lile la kwanza. Tu Youyou akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, akaona jambo ambalo jicho lilikuwa limelipita: uukamue. Hakusema uuchemshe. Huenda joto ndilo lililokuwa likiiua dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na mwaka 1971 dondoo hiyo ilifagia vimelea vyote katika panya wa maabara. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake wakainywa kwanza. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel, na dawa mseto za artemisinini, dawa ile iliyotoka kwenye qinghao, ndizo tiba kuu ya malaria duniani leo.

Maabara bila kitabu kile ingeendelea kuchemsha. Kitabu bila maabara kingebaki konzi ya majani, kisichojua kipimo wala sumu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: sijui methali inayoeleza maendeleo vizuri kuliko hiyo. Maarifa yanapokutana bila mmoja kumdharau mwenzake, watu hupona kwelikweli.

Na kukutana huku ndiyo historia yetu sote. Tarakimu tunazohesabia zilianzia India, zikapitia kwa wanahisabati walioandika Kiarabu, zikaingia Ulaya ambako mwaka 1202 Leonardo wa Pisa alizieleza kwa wafanyabiashara. Jina la al-Khwarizmi, msomi wa Baghdad wa karne ya 9, limo ndani ya neno algoriti linalotajwa kila siku kwenye habari za teknolojia. Hata lugha hii ninayowahutubia ni ushahidi. Kitabu kimetoka Kiarabuni, meza kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, gari Uhindini, na hakuna anayeketi mezani akajiona ameketi ugenini. Lugha imekopa, ikaweka viambishi vyake, ikaendelea na safari. Aliyekopa alichagua. Ndiyo tofauti kubwa kati ya kukopa na kumezwa, maana anayemezwa hachagui kitu.

Kuna swali gumu ambalo haki yangu ni kuligusa, hata kama tumekuja hapa kusherehekea. Je, kila mila ilindwe? Jibu langu ni hapana. Azimio la Dunia la UNESCO kuhusu Anuwai za Kitamaduni, lililopitishwa Novemba 2, 2001, lenyewe linasema katika kifungu cha 4 kwamba hakuna anayeruhusiwa kutumia anuwai za kitamaduni kuvunja au kupunguza haki za binadamu. Ukeketaji ni jeraha. Ndoa ya mtoto ni dhuluma. Tena tuwe macho na wale wanaosimama na kusema, "Huu ndio utamaduni wetu," kwa maana mara nyingi anayesema hivyo ndiye anayefaidika. Binti anayekataa kukeketwa ni mwana wa utamaduni uleule. Sauti yake nayo ni utamaduni ukisema. Jamii hujirekebisha kutoka ndani, zimefanya hivyo siku zote, na kazi yetu ni kuhakikisha walio ndani wote wanasikika, wanawake na vijana kwanza.

Sasa naomba nizungumze kuhusu lugha, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Januari 2008, huko Alaska nchini Marekani, alifariki mama aitwaye Marie Smith Jones, akiwa na umri wa miaka 89. Alikuwa mtu wa mwisho duniani ambaye Kieyak kilikuwa lugha yake ya kwanza. Alizaa watoto tisa, na hakuna hata mmoja aliyejifunza, kwa sababu walikua wakati ambapo kusema lugha yoyote isipokuwa Kiingereza kulihesabiwa kosa. Dada yake alifariki miaka ya 1990, na baada ya hapo mama huyu hakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha yao nyumbani. Alifanya alichoweza: alikaa na mwanaisimu Michael Krauss ili kamusi na sarufi ya Kieyak zipatikane. Huwa namfikiria usiku, akiota kwa Kieyak, anaamka, na hakuna hata mtu mmoja wa kumwuliza kwa lugha hiyo, umeota nini.

Dunia ina lugha kama 7,000, na UNESCO hukadiria kwamba karibu asilimia 40 zinaelekea kupotea. Kwa ajili hiyo Umoja wa Mataifa umetangaza 2022 hadi 2032 kuwa Muongo wa Kimataifa wa Lugha za Watu wa Asili. Lakini lugha haifi kwenye takwimu. Inakufa darasani, na niliwahi kuwa mmoja wa waliokuwa wakiiua.

Nilikuwa mwalimu kijana. Nilimuuliza mtoto swali la hesabu kwa lugha ya shule. Akainamisha kichwa. Nikasubiri, nikauliza tena. Nikamwona akimnong'oneza jirani yake, kwa lugha ya kwao, na jibu lilikuwa sahihi, nililisikia. Kisha akanyamaza, na mimi nikaweka alama ya kosa kwenye daftari, kwa kuwa kanuni ilisema jibu litolewe kwa lugha ya shule. Mtoto yule aliingia darasani na lugha kamili: alijua kuhesabu, kubishana, kuomba radhi, kusimulia hadithi ndefu yenye mwanzo na mwisho. Sikumpokea na chochote kati ya hivyo. Muhula ule wote hakunyoosha mkono tena. Nimesahau majina mengi ya wanafunzi wangu wa zamani, lake sijalisahau.

UNESCO ilieleza mwaka 2016 kwamba asilimia 40 hivi ya watu duniani hawapati elimu kwa lugha wanayoizungumza au kuielewa. Fikirieni ni hesabu ngapi sahihi zinazonong'onwa kwa jirani na kuandikiwa kosa. Tunalia kwamba watoto hawajui kusoma, nasi tumewapa kazi mbili kwa wakati mmoja: kujifunza kusoma, na kujifunza lugha ya kusomea. Mtoto akianza na lugha anayoielewa, akaongezewa ya pili na ya tatu hatua kwa hatua, hapotezi kitu. Ubongo wa mtoto si chupa ndogo ya lugha moja.

Watu wamekufa kwa ajili ya jambo hili. Februari 21, 1952, mjini Dhaka, ambako leo ni Bangladesh lakini wakati ule ilikuwa sehemu ya Pakistan, polisi waliwafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakidai Kibengali kitambuliwe kuwa lugha ya taifa. Siku hiyo ndiyo ambayo UNESCO, mwaka 1999, iliitangaza kuwa Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama.

Na wengine wamefaulu bila damu. Huko New Zealand watoto wa Kimaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, walichapwa viboko shuleni kwa kusema lugha yao, na wazazi waliochapwa wakaamua kutowafundisha watoto wao, wakidhani wanawaepusha na maumivu. Ilipofika miaka ya 1970 wenye kuizungumza vizuri walikuwa wazee. Mwaka 1982 jamii yenyewe ilifungua shule za awali ziitwazo kōhanga reo, maana yake kiota cha lugha. Wazo lake ni rahisi: waliobaki na lugha ni mabibi na mababu, wenye njaa ya lugha ni watoto wachanga, basi wawekwe chumba kimoja, na katika chumba hicho iwepo lugha moja. Mabibi wale wengi wao hawakuwa na cheti cha ualimu. Walikuwa na sentensi. Walimwogesha mtoto kwa Kimaori, walimkemea kwa Kimaori, walimlaza kwa Kimaori. Miaka mitano baadaye, 1987, sheria ikakifanya Kimaori lugha rasmi. Mnaona mpangilio? Bibi alitangulia, Bunge likafuata. Wahawaii waliiga, wakafungua viota vyao mwaka 1984, na leo kuna watu waliosoma kwa Kihawaii kuanzia utotoni hadi chuo kikuu.

Kuhusu fedha na mitambo nitapita haraka, maana wapo wasemaji baada yangu wanaoyajua zaidi. Mwaka 2005 UNESCO ilipitisha Mkataba wa Kulinda na Kukuza Anuwai za Kujieleza Kitamaduni, kwa kura 148 dhidi ya 2. Mkataba huo unazipa nchi haki ya kuzisaidia filamu, muziki na vitabu vyao, kwa kutambua kwamba kazi ya sanaa haina thamani ya biashara peke yake. Nchi ikitia saini halafu isitenge bajeti, imetia saini ya bure. Kwenye intaneti, karibu nusu ya tovuti zimeandikwa kwa Kiingereza, na mashine za akili mnemba hujifunza kutokana na yale yaliyoandikwa. Lugha isiyo na maandishi ya kutosha mashine hiyo itaisema kwa kigugumizi, au haitaisema kabisa. Vijana mnaojua kuandika programu, hapa kuna kazi ya maisha.

Jambo moja tu la haki siwezi kuliacha. Mwaka 1995 ilitolewa hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, nchini Marekani juu ya matumizi ya manjano kuponya vidonda. Manjano! Dawa ambayo akina mama wa India wameipaka kwenye vidonda vya watoto wao tangu zamani za kale. Baraza la utafiti la India lilipeleka ushahidi, yakiwemo maandishi ya kale, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Wao walikuwa na maandishi. Jamii ambayo maarifa yake yako kichwani mwa wazee ingeonyesha nini? Kuheshimu tamaduni ni pamoja na kulipa. Anayechukua maarifa ya watu aombe ruhusa, awataje, na wagawane naye faida.

Basi nina maombi machache kwenu. Waheshimiwa mnaoidhinisha miradi, kabla ya kuweka saini ulizeni kama kuna yeyote aliyekaa na wanaoishi pale, kwa lugha yao, akawauliza wanafanyaje na kwa nini. Walimu wenzangu, mtoto akinong'ona jibu sahihi, mpeni alama yake. Wazazi, semeni na watoto wenu lugha mnayoota nayo. Nanyi vijana, simu mliyonayo mkononi inarekodi sauti.

Nimalizie na baharia mmoja.

Miaka ya 1970 Wahawaii walijenga mtumbwi mkubwa wa matanga wa namna ya mababu zao, wakauita Hōkūleʻa. Wasomi kadhaa walikuwa wamedai kwamba watu wa Polynesia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vikiwemo Hawaii na Tahiti, hawakuweza kusafiri kwa kukusudia katika bahari kuu, kwamba walipeperushwa tu na upepo wakaangukia visiwani. Wahawaii walitaka kusafiri hadi Tahiti, karibu kilomita 4,000, bila dira wala kifaa chochote cha kuonyesha njia. Mtumbwi wakawa nao. Nahodha hawakuwa naye. Hapakuwa na Mhawaii hata mmoja aliyebaki na elimu hiyo.

Wakamfuata Mau Piailug, mtu wa Satawal, kisiwa kidogo sana cha Micronesia, mwenye lugha nyingine na desturi nyingine. Kwao elimu ya bahari ilikuwa siri, ikirithishwa kwa masharti. Lakini Mau alikuwa akiona vijana wa kisiwa chake wakiiacha. Akakubali. Waliondoka Hawaii Mei 1, 1976. Alisoma nyota zinapochomoza na zinapozama. Mawingu yakifunika nyota, alilala ndani ya mtumbwi na kusikiliza kwa mwili wake mawimbi yanakotoka. Juni 4 waliingia Papeete, na watu zaidi ya 17,000 walikuwa wamejaa bandarini, watoto wakining'inia kwenye miti.

Baadaye kijana wa Kihawaii, Nainoa Thompson, alikwenda kumwomba amfundishe. Mwaka 1980 Thompson aliuongoza mtumbwi uleule hadi Tahiti na kurudi. Mwaka 2007, Mau akiwa mzee na mgonjwa, Wahawaii watano walikwenda Satawal na yeye akawasimika kuwa mabaharia mabingwa, kwa ibada ambayo kisiwa hicho kilikuwa hakijaiona kwa miaka mingi. Alifariki 2010. Mwezi Juni 2017 Hōkūleʻa ulirejea Hawaii baada ya kuizunguka dunia.

Mau mwenyewe alianza shule kabla hajajua kusema sawasawa. Babu yake alikuwa akimbeba hadi ufukweni na kumweka kwenye vidimbwi vya maji ya bahari, maji yampandie na kumshukia, ili mwili wake uyazoee mawimbi. Mzee alikaa pembeni, akimtazama.

Asanteni kwa kunisikiliza.